Sentimita Kumi na Tatu za Tumbo Langu

Mwaka 1969, nikiwa na miaka kumi na moja, ndipo taabu yangu ilipoanza. Baba alitoka asubuhi kwenda kufungua maji, ilikuwa zamu yetu ya mfereji, akiwa mzima anakohoa na kugomba kama kawaida yake, na kabla jua halijapanda wakamrudisha wamembeba kwenye blanketi. Watu walisema amerogwa. Mimi leo najua ulikuwa moyo, maana ninao huohuo. Nilikuwa darasa la tatu. Shuleni sikurudi tena, kwa hiyo anayetafuta maneno mazuri humu afunge mapema. Najua kusoma, najua kuandika, najua hesabu za futi na inchi na baadaye za mita. Zimenilisha mimi na watoto sita.

Nilianza kwa kuchimba mitaro ya watu. Baadaye nikawa nambebea fundi mmoja mabomba mjini, nikamwangalia mikono yake mpaka siku aliyoumwa nikamalizia kazi mwenyewe na mwenye nyumba asijue tofauti. Tangu hapo nimekuwa fundi. Zaidi ya miaka arobaini nimelaza mabomba kutoka miteremko ya Meru mpaka mashamba ya chini huko Nduruma. Nyumba nyingi za Moshono, enzi pale bado ni migomba na kahawa, maji niliyaingiza mimi. Cheti sina. Wenye vyeti walikuja wakanifukuza kwenye kazi mbili tatu, halafu wakarudi kuniuliza bomba limepita wapi.

Kanuni yangu ilikuwa moja: bomba hufuata ardhi. Wengine hupima kwa macho, kutoka tangi mpaka nyumba, mstari mmoja kama ndege anavyoruka, wananunua mabomba, wanalaza, yanaishia shambani kwa jirani. Kwa nini? Kwa sababu ardhi inashuka bondeni, inapanda kilima, na bomba linaandamana nayo. Mimi nalaza tepu juu ya udongo wenyewe. Panaposhuka inashuka, panapopanda inapanda. Sijawahi kupungukiwa bomba. Nimelisema neno hilo mbele ya matajiri na mbele ya mainjinia, na ndilo lililoniponza.

Miaka miwili iliyopita mwili ulianza kunikataa. Nilikuwa Moshono nakaza bomba la chuma la inchi mbili, spana ikanishinda. Nikakaa ukingoni mwa mtaro kama mtu anayewaza, kumbe natafuta pumzi. Jioni viatu havikuvulika, miguu imevimba. Usiku silali mpaka niegemee mito mitatu. Mke wangu hakubishana nami, alilipia tu kadi ya kliniki akaniwekea mezani. Daktari wa moyo alisema mshipa mmoja umeziba nusu na moyo wenyewe umechoka. Nikapewa vidonge. Kimoja kati ya hivyo ni cha kukojoa, na mtu asiyekijua asinicheke: nimewahi kusimamisha bodaboda mara tatu kati ya kwangu Olasiti na mjini, mara ya tatu dereva akaniuliza kama naweka mipaka ya shamba.

Nilimuuliza daktari jambo moja tu, nitarudi kazini au sirudi. Mke wangu anajua mimi bila spana ni mzigo wa nyumba.

"Mzee wangu, siwezi kukuruhusu wala kukukataza," daktari akasema. "Kuna watafiti wapo chumba cha mwisho, wanapima ugumu wa mishipa ya wagonjwa wa moyo. Nenda wakupime. Kama mishipa bado inanyumbuka, tutazungumza. Kama imekuwa migumu sana, moyo wako unasukuma ukuta, na mimi sitakupeleka kuchimba mitaro."

Basi kazi yangu yote ya maisha ikawa kwenye chumba cha mwisho.

Nilimkuta binti mmoja amevaa koti jeupe, kompyuta mbele yake. Alipoinuka aliinamisha kichwa nimguse, nikajua ni wa kwetu, maana binti wa mjini angenipa mkono. Nikamgusa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wa kwa nani wewe?"

Akanitajia baba yake. Nikakaa chini bila kuambiwa. Baba yake ni rika langu, tulitahiriwa msimu mmoja, tumelala kwenye ngozi moja. Asiyetujua sisi Waarusha ataona ni hadithi ya ukoo tu. Sivyo. Binti wa mwanarika ni binti yako, si kwa adabu ya mdomo, kwa sheria. Hawezi kukuona umevua nguo. Ikitokea, wazee wanaitwa, kuna maneno na kuna faini ya kondoo. Kwa lugha yetu ya Maa tunasema enkanyit, heshima, na haina mlango wa nyuma kwa sababu ya hospitali.

Naye akaanza kunieleza kipimo. Alikuwa na kitu kama kalamu nene, na waya.

"Hii inasikiliza mapigo, baba. Nitaiweka shingoni, halafu naiweka kwenye kinena. Moyo ukipiga, mpigo unafika shingoni kwanza, kinena baadaye. Kompyuta inapima umechelewa kiasi gani."

"Unaiweka wapi?"

"Kwenye kinena. Pale paja linapoanzia."

"Hapana."

"Baba, ni kipimo tu."

"Baba yako anajua unafanya kazi hii?"

"Anajua napima mishipa."

"Anajua ni mishipa ya wapi?"

Akaziba mdomo kwa daftari, mabega yanacheka. "Yupo kaka mmoja muuguzi ambaye huwasaidia wazee wa kwetu," akasema. "Leo hayupo. Njoo Alhamisi."

"Sirudi Alhamisi. Lete hiyo kalamu."

"Baba, watu wanaisomea hii."

"Na mimi mabomba niliyasomea wapi? Vuta pazia."

Akafikiri, akavuta pazia. Ya shingoni aliweka yeye. Ya chini niliweka mimi, nyuma ya pazia, yeye akiangalia kompyuta upande wa pili na kuniongoza kwa sauti.

"Umepata mapigo?"

"Yanapiga."

"Sogeza kidogo kuelekea katikati. Bonyeza, siyo sana. Hapo! Hapo hapo, usitikisike." Akabonyeza kompyuta. Halafu akasema, "Mkono wako umetulia kuliko wa wanafunzi wetu."

Neno hilo lilinivimbisha kichwa. Ningekuwa na akili ningelitema palepale.

"Sasa nahitaji urefu," akasema, akapitisha tepu juu ya pazia, tepu laini ya mafundi cherehani. "Kutoka pale niliposhika shingoni mpaka hapo ulipoweka kalamu. Inyooshe, baba, usiifanye..."

"Binti! Unanifundisha tepu mimi?"

Alikuwa anataka kuniambia nisiifanye ipande juu ya tumbo. Sikumpa nafasi. Nikaishika shingoni, nikaishusha kifuani, ikapanda tumbo langu, na tumbo ninalo, halina deni la mtu, ikashuka upande wa pili mpaka kinena. Kama ninavyopima kilima.

"Sabini na nane," nikasema.

"Sabini na nane?"

"Sijawahi kupungukiwa bomba."

Akaandika. Mtoto wa rika langu angenibishiaje?

Nilipokwisha kuvaa alinionyesha kompyuta. Kulikuwa na mstari unapanda na kushuka, moyo wangu huo. Pembeni kuna picha ya mabomba, nene na nyembamba, yamegawanyika kama mizizi. Alisema hicho ni kielelezo, mishipa ya mgonjwa iliyotengenezwa kwa hesabu. Anaweka urefu wa mtu, uzito, umri, presha na yale mapigo, halafu kompyuta inajenga mishipa inayofanana na yake, ili waone mzigo unaoupata moyo bila kumpasua mtu.

"Mshipa laini unatanuka, mpigo unakwenda taratibu," akasema. "Mshipa mgumu, mpigo unakimbia. Ukifika mwisho unarudi. Kwenye mshipa mgumu unarudi mapema mno, unaukuta moyo bado unasukuma."

"Unaugonga."

"Unaugonga, ndiyo!"

Hapo nilimweleza mimi. Ukifunga koki kwa ghafla kwenye nyumba yenye mabomba ya chuma, ukuta mzima unagonga, du! Maji yalikuwa yanakwenda, yamezuiwa, yamerudi na hasira. Kwenye mpira husikii kitu, kwa sababu mpira unatanuka unaimeza ile hasira. Lakini uuache mpira huo juani miaka kumi, ukauke, nao utagonga. Aliandika yote kwenye daftari. Nikatoka pale nimejaa kama mwalimu.

Wiki iliyofuata daktari alisoma karatasi. "Kumi na nne kasoro," akasema. Maana yake mpigo wangu ulikuwa unakimbia karibu mita kumi na nne kwa sekunde. "Mishipa yako imekuwa chuma, mzee. Siyo kipimo hiki peke yake, lakini hiki kimenimalizia. Usichimbe, usipande, usibebe, usikaze. Kaa, umekula chumvi nyingi."

Nikakaa.

Sitaki kuueleza sana muda ule. Ilikuwa miezi saba. Mashine yangu ya kuchonga nyuzi za bomba, yale meno ya kukazia, niliyoizunguka miaka sita kabla ya kuweza kuinunua, nilimwachia fundi mwingine, kijana mwenye gari, maana kuitazama kila asubuhi kulinichosha kuliko kazi. Nilipewa kiti cha plastiki chini ya dirisha. Jirani anapofunga koki asubuhi, bomba lake linagonga ukutani, nami naweka mkono kifuani kusikiliza kama na mimi nagonga. Watu walikuja kuniuliza bomba la Moshono limepita wapi, nikawa naonyesha kwa fimbo, kushoto ya mgomba, chini ya lango, huku mtu mwingine akishika jembe. Nilichoka. Si uchovu wa kazi, huo naujua na unalalika. Huu haulaliki.

Mwezi wa saba wa kukaa kwangu yule binti akaja nyumbani Olasiti. Alibeba sukari kilo mbili, akainamisha kichwa, nikamgusa. Mke wangu akaleta chai. Binti alikunywa nusu kikombe ndipo akaweza kusema.

"Baba, kielelezo kinakukataa."

"Kinanikataa vipi?"

"Wagonjwa wote wanakaa sawa ndani yake. Wewe hukai. Kila nikijenga mishipa yako inatoka ya mtu mrefu kama mlingoti. Mapigo yako ni masafi, hayana shida. Kilichobaki ni ule urefu wa tepu. Wenzangu wameniambia nikutoe kwenye utafiti tuendelee, lakini daktari alikukataza kazi kwa namba ile. Nimeona nije kuuliza kwanza."

"Umekuja kwangu kuniambia sijui kupima."

"Hapana, baba. Nimekuja kuuliza tepu ilipita wapi."

"Ilipita palipo na mwili! Ulitaka ipite hewani?"

Mke wangu, ambaye hakuwa ameulizwa, akaweka birika chini. "Ilipanda tumbo?"

"Nyamaza wewe."

"Mwanangu," akamwambia binti, "huyu mzee ukimtuma apime kitanda, atapima na mito."

Binti alijitahidi asicheke, ikawa mbaya zaidi. Niliinuka nikatoka nje, nikasimama kwenye tangi la maji nikijifanya naangalia koki. Nilimsikia akimuaga mke wangu kwa heshima zote. Sikumsindikiza. Binti wa rika langu, amekuja na sukari, na sikumsindikiza hata mpaka lango. Hilo pia nalibeba.

Nilikaa na hasira mpaka saa kumi. Halafu fundi aliyemo ndani yangu akaanza kunisumbua. Fundi hawezi kulala na kipimo kilichotiliwa shaka, hata kama ni chake. Nikachukua mbao nyembamba iliyonyooka, nikachukua timazi mbili, zile risasi za kwenye kamba tunazopimia ukuta kama umesimama, nikamwita mke wangu chumbani. Nikalala chali. Nikamwambia ashike mbao juu ya tumbo isiliguse, usawa, halafu timazi moja ishuke mpaka shingoni, nyingine mpaka kinena, apime kwenye mbao kati ya kamba na kamba.

"Sitini na tano," akasema.

"Rudia."

"Sitini na tano."

"Mikono yako inatetemeka. Rudia."

"Sitini na tano, mzee. Mbao haina tumbo."

Nikabaki nimelala natazama bati. Mshipa haupandi tumbo. Mshipa umelala nyuma, pembeni mwa uti wa mgongo, kama bomba lililotobolewa chini ya kilima. Mimi mwenyewe nimepitisha bomba chini ya barabara ya lami nikapima upana wa barabara tu, sikupima tuta. Nilijua. Yule binti alitaka kuniambia na mimi nikamkata kauli. Muda wa mpigo ulikuwa wa kweli, urefu ndio ulikuwa wa uongo, na ukigawa safari ya uongo kwa muda wa kweli unapata mwendo wa uongo. Hata darasa la tatu linaona.

Mke wangu aliketi ukingoni mwa kitanda, mbao magotini. Hakucheka tena. "Miezi saba," akasema. "Umekaa kwenye kiti kile miezi saba kwa ajili ya kitambi."

Alhamisi nilikwenda hospitali na mbao yangu begani na timazi mfukoni. Mlinzi wa lango akanizuia.

"Shikamoo. Mzee, unakwenda kujenga?"

"Nakwenda kupimwa."

"Jeneza?"

"La kwako. Fungua."

Alicheka akafungua. Kule chumba cha mwisho yule binti alisimama, na yule kaka muuguzi alikuwepo. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Yote yakapotea. Nikasema, "Nilikosea." Sikumbuki mara ya mwisho kumwambia mtu mdogo neno hilo. Labda sijawahi. Yeye aliinamisha kichwa tu, nikamgusa, na mambo ya sukari na lango yakaishia hapo. Sisi hatuongezi maneno juu ya hayo.

Binti akakaa upande wake wa pazia. Kaka akaweka kalamu, kisha akashika mbao, mimi nikamwelekeza timazi nikiwa nimelala chali. Sitini na tano. Muda ulitoka uleule wa mwanzo, karibu kabisa. Nilimsikia binti akibonyeza bonyeza.

"Umekaa, baba," akasema. "Kielelezo kimekukubali."

"Namba?"

"Kumi na moja na nusu." Akawahi kuongeza, "Usifurahi sana. Mishipa bado ni migumu kuliko tunavyopenda. Moyo wako bado unagongwa. Ila siyo vile tulivyodhani."

Daktari naye alisoma, akasoma tena, akapiga karatasi kwa kalamu. Akasema hanirudishii yote. Kuchimba hapana. Chuma cha inchi mbili hapana, juu ya paa hapana. Kuunga mabomba ya plastiki, ndiyo. Kusimama juu ya mtaro na kuwaambia wenye jembe wapi pa kupita, ndiyo, tena nitembee, nisikae. Nikichoka, nikubali nimechoka. Nilimwambia hilo la mwisho ndilo gumu. Akasema anajua.

Nilimfuata yule kijana mwenye gari kuhusu mashine. Nilimkuta chini ya sinki la mtu. Hakutoa hata kichwa.

"Mzee, ile si ulisema umepumzika? Pumzika basi."

Ana haki. Nilimpa kwa mkono wangu, kwa kipimo changu.

Kwa hiyo nimerudi, nusu. Naondoka nyumbani jua likiwa limeshapanda, kwa sababu kidonge cha kukojoa lazima kimalize kwanza. Kazi niliyokuwa naifanya kutwa moja naifanya siku tatu. Nikiunga bomba tano nakaa ukingoni, na siku hizi sijifanyi nawaza. Natafuta pumzi na nasema natafuta pumzi. Ni kuchoka tu, kila siku, lakini usiku nalala, kwa mito miwili. Baba yangu hakupata mtu wa kumpima. Alikwenda kufungua maji.

Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba ya matofali ya vyumba vinne Olasiti, bati zima. Nusu ekari Nduruma, ina maji, bomba nimelaza mwenyewe. Ng'ombe wawili na ndama. Mke mmoja, na mdomo wake. Watoto sita, wote wamelipita darasa la tatu. Spana mbili ndogo na msumeno wa plastiki. Tepu ya mita hamsini. Timazi mbili. Vidonge vya aina tano. Kiti cha plastiki, anayekitaka aje akichukue. Mashine ya kuchonga nyuzi sina. Mbao pia sina, iko hospitali chumba cha mwisho, wanapimia wenye matumbo.